Kuungama na Kurudisha: Desturi ya Walokole wa Afrika Mashariki

Kuungama dhambi mbele ya watu na kurudisha kilichochukuliwa kwa hila ni desturi iliyoota mizizi miongoni mwa Wakristo wa Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1930 na 1950. Ilizaliwa katika uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda, ukaenea Burundi, Kenya, Tanganyika na mashariki mwa Kongo. Waganda waliwaita watu wake Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikawaita walokole. Hawakuleta fundisho jipya. Waliyohubiri juu ya msalaba, toba na damu ya Yesu yalikuwamo katika kitabu cha sala cha Kianglikana tangu wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, walipofika Buganda mwaka 1877. Jipya lilikuwa mahali walipoyapeleka: ghala la hospitali, risiti ya kodi, jiko, ugomvi wa mume na mke, sahani ya chakula.

Kufikia miaka ya 1920 Kanisa la Uganda lilikuwa kubwa na lenye heshima. Lilikuwa na mashahidi wake, vijana waliouawa kati ya 1885 na 1887 wakati wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Lilikuwa na Biblia nzima ya Kiganda tangu 1896. Lilikuwa na shule pia, na humo ndimo ugonjwa ulimoingilia. Ubatizo ulifungua mlango wa shule, shule ikafungua mlango wa ukarani na uchifu, na baada ya kizazi kimoja palikuwa na wakubwa wengi wenye majina ya Biblia ambao maisha yao hayakutofautiana na ya wasiobatizwa. Pombe, nyumba ndogo, hirizi zilizofichwa mvunguni na rushwa ya barazani viliendelea, na Jumapili watu haohao waliketi viti vya mbele. Wachungaji walilijua jambo hilo. Wengi walinyamaza kwa sababu mishahara yao na ardhi ya kanisa vilitegemea wakubwa haohao.

Huko Rwanda hali ilikuwa nyingine. Misheni ya Ruanda, tawi la CMS lililoanzishwa na madaktari wawili Waingereza, Algie Stanley Smith na Len Sharp, ilikuwa imejenga hospitali Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, na nyingine Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda. Daktari kijana Joe Church, aliyesomea Cambridge, alifika Gahini mwaka 1928 na kukuta njaa kuu ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka mwili na roho. Wagonjwa walikuwa wengi, wasaidizi walinung'unika, na wazungu wa misheni wenyewe hawakuelewana. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi.

Nsibambi alikuwa Mganda wa ukoo wenye nafasi, mtumishi wa idara ya afya, msomaji mkubwa wa Biblia. Wawili hao walikaa pamoja siku mbili wakifuatisha Biblia mstari kwa mstari, wakitafuta kila mahali palipotaja kazi ya Roho Mtakatifu. Mkutano huo umesimuliwa mara nyingi kama chanzo cha uamsho, na si vibaya kuusimulia hivyo, ila uzito wake unapotea ukitajwa kama tukio la miujiza tu. Jambo lisilo la kawaida lilikuwa mpangilio wenyewe. Katika Uganda ya mwaka 1929 daktari Mzungu alikuwa mkubwa na karani Mwafrika alikuwa mdogo, na hapa walikaa kama wanafunzi wawili wa kitabu kimoja, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake. Utaratibu huo ndio uliokuja kuwa moyo wa harakati nzima. Nsibambi aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri asiye na mshahara, na ingawa maradhi yalimfunga nyumbani kuanzia miaka ya 1940, watu waliendelea kumfuata huko kutafuta ushauri hadi alipofariki mwaka 1978.

Gahini yenyewe ilibadilika polepole. Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda huko kufundisha. Kiongozi wa wauguzi, Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole kusini-magharibi mwa Uganda, alikuwa karibu kuacha kazi kwa hasira. Alipokwenda Kampala na kumweleza Nsibambi jinsi hospitali ilivyoharibika, hakuulizwa habari za hospitali. Aliulizwa habari za moyo wake. Akarudi Gahini akaanza kwa kukiri makosa yake mwenyewe kwa wenzake, na hilo lilisababisha uhasama kabla ya kusababisha upatanisho, maana mtu anayekiri kwamba ameiba chakula cha wagonjwa huwaacha wenzake walioiba naye mahali pagumu.

Hapo ndipo desturi ya kurudisha ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwa wingi. Katika hospitali ya misheni vitu vya kuibwa vilikuwa vya kila siku: shuka, blanketi, sukari, chumvi, sabuni, dawa, bendeji. Aliyeguswa na mahubiri hakuambiwa aombe msamaha kwa Mungu chumbani mwake tu. Alichukua shuka, hata kama lilikuwa limekwisha kukatwa likawa nguo ya mtoto, akalipeleka kwa aliyesimamia ghala na kusema lilivyotoka. Asiye na kitu mkononi alilipa kidogo kidogo. Kutoka hospitalini desturi ilihamia barazani na madukani. Maofisa wa serikali za kikoloni walijikuta wakipokea kodi ambayo hakuna aliyeidai, na wenye maduka wakilipwa madeni ambayo walikwisha kuyafuta. Hatari ilikuwa ya kweli, kwa kuwa karani aliyekiri wizi angeweza kufukuzwa au kufungwa, na hakuna sheria iliyompa nafuu kwa kuwa ameokoka.

Maandiko waliyoyategemea yalikuwa machache na yalirudiwa sana. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko katika Luka 19, alikuwa mfano wa kwanza: wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mkono ulikwenda kwenye mfuko. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kilidai kuungama na kurudisha kwa pamoja, tena na nyongeza ya sehemu ya tano. Mathayo 5 ilimtaka mtu aache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Yakobo 5 iliagiza kuungamiana. Juu ya yote ilikuwepo 1 Yohana 1:7, inayofunga pamoja mambo matatu ambayo mahubiri ya kawaida huyatenganisha: kuenenda katika nuru, ushirika kati ya waamini, na kusafishwa kwa damu. Walokole waliusoma mstari huo kwa maana yake ya karibu kabisa. Kilichofichwa kiko gizani, na asiyetoa yaliyofichika hana ushirika na mwenzake, hata wakishiriki meza moja ya Bwana. Kutoka hapo walipata msemo wao mkuu, kutembea nuruni.

Septemba 1935 kundi la Gahini liliongoza mkutano mkubwa Kabale, na uamsho ukashika wilaya nzima ya Kigezi. Watu walilia, walitetemeka, waliota ndoto za moto na hukumu, waliimba usiku kucha. Hirizi na vibuyu vya pombe viliteketezwa. Wakuu wa wilaya walitazama kwa mashaka, wakidhani wameona mwanzo wa fujo. Kelele zilipotulia, kilichobaki ni vikundi vidogo vya nyumbani. Januari 1936 Blasio Kigozi alikwenda Kampala kuieleza sinodi ya kanisa mambo matatu: ubaridi wa Wakristo, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi lakini wakakaribia ushirika mtakatifu, na njia ya kanisa kuamka. Alishikwa na homa ya kupe akafa kabla ya kuyasema. Neno lake la Kiganda, Zukuka, lenye maana ya amka, lilifanywa mwito wa mahubiri yaliyoandaliwa kwa ajili ya miaka 60 ya kanisa mwaka 1937. Kifo cha kijana huyo kiliwagusa watu ambao pengine wasingemsikiliza akiwa hai.

Mkutano wa kila wiki, ulioitwa ushirika, ndio uliobeba desturi hii kwa miaka mingi kuliko mikutano mikubwa. Ulifanyika nyumbani kwa mtu, chini ya mti, au kanisani baada ya ibada. Hapakuwa na kadi ya uanachama, mwenyekiti aliyechaguliwa wala mweka hazina. Walianza kwa sala na wimbo, mmoja akasoma kifungu, na baada ya maneno machache mkutano uliingia kwenye shuhuda. Mtu alisimama akataja jina lake, siku alipookoka, kisha jambo la wiki ile: amemfokea mke, amepunguza kipimo cha maharage sokoni, amemwonea kijicho mwalimu mwenziwe aliyepandishwa cheo. Aliyesema kwa uwazi alipokewa kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao uliimbwa hata na wasiojua Kiganda, na kukumbatiwa. Aliyesema kwa kuzungukazunguka aliulizwa. Mtu aliyeungama dhambi za jirani badala ya zake alikatizwa kwa wimbo, dawa ambayo vikao vingi vya leo vingeihitaji.

Juu ya vikundi hivyo ilikuwepo timu, mkusanyiko wa ndugu wenye uzoefu waliokutana kutatua magumu. Timu ilishauri juu ya uchumba, mahari, mikopo, kesi za ardhi, hata ununuzi wa gari. Mkristo aliyetaka kuoa alipeleka jambo lake kwenye ushirika, na ndugu waliweza kumwambia asubiri. Katika jamii nyingi za eneo hili ukoo ndio uliokuwa na mamlaka hayo, kwa hiyo walokole walikuwa wamejipatia ukoo wa pili. Waliitana ndugu na dada bila kujali umri, jambo lililowakera wazee.

Meza ilikuwa mahali pa jaribu kubwa. Huko Rwanda na Ankole wafugaji na wakulima hawakula pamoja. Huko Buganda wanawake hawakula kuku wala mayai. Walokole walikula pamoja, na wake zao walikula kuku, na wengine walikula mbele ya watu makusudi. Wamisionari nao walijikuta wamebanwa na kipimo kilekile. Wazungu wa Misheni ya Ruanda walioingia katika uamsho walisimama mbele ya Waafrika wakakiri dharau ya rangi, na waliokataa kufanya hivyo waliona kwamba mahubiri yao hayasikilizwi tena. Kwa wakati ule hapakuwa na mahali pengi katika koloni la Kiingereza ambapo Mwafrika angeweza kumwambia Mzungu usoni kwamba ana kiburi, na Mzungu akashukuru.

Nyumbani mabadiliko yalionekana katika mambo madogo. Mume aliyezoea kuagiza maji aliyachota mwenyewe. Mume na mke walisali pamoja na kuombana msamaha kwa sauti. Wanawake walisimama na kushuhudia mbele ya wanaume, wakataja waliyotendewa. Wazee wengi, Wakristo na wasio Wakristo, waliona hilo kuwa aibu. Kwao, mtu mwenye adabu hulinda siri za nyumba na sifa za wazazi wake, lakini walokole walizianika. Malalamiko yao hayakuwa ya kipuuzi. Ungamo la uzinzi halikumtaja mtu mmoja tu, na mwenziwe aliyetajwa hakuulizwa kama yuko tayari. Nyumba zilivunjika kwa sababu ya shuhuda, na ndugu wenye busara walianza kufundisha kwamba mambo ya namna hiyo yasemwe faraghani kwa mhusika na kwa mshauri, si uwanjani.

Mgongano mkubwa na kanisa lenyewe ulitokea Mukono mwaka 1941, katika chuo cha kuandalia wachungaji kilichopewa jina la Askofu Tucker. Kundi la wanafunzi walokole, William Nagenda akiwa mbele yao, waliamka alfajiri kusali na kuhubiri, na kuwalaumu wenzao na walimu kwa wizi mdogo, uasherati na mafundisho waliyoyaona kuwa yanaitilia shaka Biblia. Walipokatazwa hawakutii. Wanafunzi 26 walifukuzwa. Ilitarajiwa kwamba watajitenga na kuunda dhehebu lao, kama ilivyokwisha kutokea mara nyingi barani Afrika. Hawakufanya hivyo. Nagenda akawa mhubiri asiye na cheo, akasafiri hadi Ulaya na Asia, na Askofu Cyril Stuart wa Uganda alijitahidi kuzuia mpasuko. Uamuzi wa kubaki ndani ndio ulioufanya uamsho huu uwe tofauti na mingine, na ndio uliowapa walokole, miaka michache baadaye, nafasi za uaskofu.

Kenya ilifikiwa mwaka 1937, timu ya Joe Church ilipoendesha mkutano Kabete, karibu na Nairobi. Baada ya vita ya pili ya dunia mikutano ya nchi ya Wakikuyu ilikusanya maelfu. Huko Nyanza uamsho uliwagawanya Wajaluo Waanglikana, na mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake, waliochoshwa na hukumu za walokole, walitoka na kuunda kanisa lililojulikana kama Johera, watu wa upendo. Tanganyika uamsho uliingia mwishoni mwa miaka ya 1930 kupitia Katoke na Bukoba. Ukavuka mpaka wa madhehebu ukawashika Walutheri wa Buhaya, ambako Josiah Kibira alilelewa. Huyu alikuja kuwa askofu na rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kati ya 1977 na 1984. Dodoma ulipelekwa mbele na walimu, akiwemo Festo Kivengere kutoka Kigezi, aliyefundisha huko kwa miaka kadhaa. Zanzibar, Tanga na kusini, maeneo ya UMCA, misheni nyingine ya Kianglikana, hayakuguswa sana. Mapadri wa huko walikuwa na kitubio cha faragha, na kuungama uwanjani kulikwenda kinyume na mazoea yao.

Jaribu kali kuliko yote lilikuja na hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952. Kiapo cha Mau Mau, waasi waliopigana na utawala wa Kiingereza, kilitaka umoja wa Wakikuyu na siri. Walokole walikataa vyote viwili kwa sababu zilezile walizokwisha kuzizoea: aliyeshiriki damu ya Kristo hanywi damu ya mbuzi kwa kiapo, na mtu wa nuruni hatunzi siri ya kuua. Waliokataa waliuawa, wakapigwa, nyumba zikachomwa. Wengi wao walikataa pia bunduki walizopewa na serikali ili waingie katika walinzi wa kijiji, kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Kuwaita vibaraka wa mkoloni, kama baadhi ya waandishi walivyofanya, ni kusahau sehemu hii ya pili. Hata hivyo ni kweli kwamba mahubiri yao yalisema mengi juu ya dhambi ya mtu mmoja na machache juu ya ardhi iliyonyang'anywa. Mlokole alirudisha blanketi la misheni; hapakuwa na mkutano ambao walowezi walirudisha mashamba ya Kiambu.

Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury aliwaweka wakfu Obadiah Kariuki na Festo Olang' wa Kenya, wote watu wa uamsho, pamoja na Yohana Omari wa Tanganyika ya kati. Mwaka 1966 Erica Sabiti, mlokole wa Ankole, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu Mkuu wa Uganda. Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 huko Acholi, kaskazini mwa Uganda, alikalia kiti hicho mwaka 1974 na kuuawa na utawala wa Idi Amin Februari 1977. Kivengere, wakati huo askofu wa Kigezi, alivuka milima usiku kwa miguu kuingia Rwanda, kisha akaandika kitabu juu ya kumsamehe Amin ambacho kiliwashangaza Waganda wengi waliokuwa uhamishoni.

Vyeo vilileta matatizo yake. Kundi ambalo lilizaliwa kwa kuwahoji wakubwa sasa lilikuwa na wakubwa wake. Kuanzia miaka ya 1960 walitokea Uganda waliojiita walioamka upya, wakiwalaumu wenzao kwa kukopa benki, kuvaa kwa fahari na kulegea, na mwaka 1971 mgawanyiko huo ulikuwa wazi. Ushuhuda nao ulikuwa umepata umbo la kukariri: tarehe ya kuokoka, kifungu, maneno yaleyale ya kuvunjika na kunyenyekea, ila bila jambo la wiki.

Rwanda ilitoa swali zito zaidi. Katika machafuko ya kuanzia 1959 walokole Wahutu na Watutsi walifichana majumbani, na mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata aliuawa Januari 1964 baada ya kukataa kuwatenga waliowindwa. Lakini uongozi wa Kanisa la Anglikana ulikwenda karibu na serikali kadiri miaka ilivyopita, na mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalitokea katika nchi ambayo Gahini imo. Wapo waliokufa wakiwalinda wengine kwa imani hiyohiyo. Wapo pia waliobatizwa na kushuhudia, wakashika panga. Baadhi ya wanahistoria wa kanisa wanaona kasoro katika desturi yenyewe: uamsho ulimfundisha mtu kutaja wizi, hasira na tamaa zake, lakini ukabila wa serikali na wa kanisa haukuwa na mtu mmoja wa kusimama na kuuungama.

Mkutano wa Kabale wa kukumbuka uamsho, ulioanza 1945, umekuwa ukirudiwa kila baada ya miaka kumi, na vikundi vya ushirika vinakutana hata sasa katika dayosisi za Kianglikana na za Kilutheri, wengi wa wahudhuriaji wakiwa watu wazima wenye mvi. Vijana wameelekea kwenye makanisa ya Kipentekoste yaliyoongezeka tangu miaka ya 1980, na mitaani Dar es Salaam au Nairobi jina mlokole leo humaanisha wao kwanza. Wanaimba, wanakemea mapepo, wanatoa shuhuda kwenye redio na televisheni. Shuhuda zao zinahusu zaidi alichopokea mtu, yaani kazi, nyumba, uponyaji, ndoa. Ya kurudisha bado yanafanyika mara kwa mara katika vikundi vya zamani.